Hesabu Kabla ya Ufunguo

Maandiko ya wiki: Luka 14:28-30, 2 Wafalme 4:1-7



Tunaendelea na mafundisho ya uwakili wa mali. Wiki hii nimeombwa niandike juu ya jambo ambalo limefika kwenye ofisi ya ushauri mara nyingi mwaka huu: gari na deni. Kabla sijaingia kwenye utumishi nilisomea biashara, kwa hivyo mtanivumilia nikitoa kalamu na kikokotoo katikati ya somo.

Niseme mapema kwamba kununua gari si dhambi. Mama mwenye watoto watatu anayetoka Kitengela alfajiri kuja mjini anajua gari si anasa. Fundi anayebeba vifaa vyake kila siku anajua hivyo pia. Ninachofundisha leo ni kitu kimoja tu: gari ambayo hukuihesabu kabla ya kuinunua, itahesabiwa tu baadaye. Na atakayeihesabu wakati huo si wewe, ni dalali.

1. Yesu anataka tuketi chini

Katika Luka 14, Bwana anazungumza juu ya mtu anayetaka kujenga mnara. Anasema mtu huyo kwanza huketi, akapiga hesabu kama ana cha kumalizia. La sivyo ataweka msingi, ashindwe, na wapita njia wamcheke.

Angalia hapo kwenye kucheka. Wengi wetu hatununui gari kwa sababu ya safari, tunanunua kwa kuogopa kuchekwa. "Wenzako mliomaliza nao chuo wote wanaendesha, wewe bado uko stejini?" Kicheko hicho kinauma, sikatai. Lakini Yesu anatuonyesha kicheko kingine, kile kinachokuja baadaye, wakati gari inaburutwa kutoka kwenye ploti na majirani wako dirishani. Cha kwanza husahaulika kesho yake. Cha pili hukaa.

Kuna mtu atasema, "Pasta, mambo ya hesabu ni kukosa imani." Hebu soma Marko 6:38. Kabla ya muujiza wa mikate, Yesu aliwauliza wanafunzi wana mikate mingapi, akawatuma waende waangalie. Na baada ya watu kushiba, masalio yalikusanywa, vikapu kumi na viwili. Yaani muujiza wenyewe ulianza na hesabu na ukaisha na hesabu. Imani haiogopi kikokotoo.

2. Sasa tuhesabu

Tuseme umeona gari kwenye yadi, bei ni shilingi 1,000,000. Una 400,000 za kuanzia, na unakopeshwa 600,000 kwa miezi 24. Muuzaji anakuambia riba ni asilimia 3 kwa mwezi. Inasikika kidogo, sivyo?

Hapo kuna swali moja la kuuliza: hiyo riba inahesabiwa kwa deni lote la mwanzo, au kwa salio lililobaki?

Ikiwa ni kwa deni lote la mwanzo, kila mwezi unatozwa riba ya 18,000 hadi mwisho, hata ule mwezi ambao deni limebaki kidogo sana. Kwa miezi 24 hiyo ni riba ya 432,000. Utalipa 43,000 kila mwezi, na jumla ya mkopo itakuwa 1,032,000. Ongeza zile 400,000 za kwanza: gari ya milioni moja imekugharimu 1,432,000.

Ikiwa asilimia 3 hiyo hiyo inahesabiwa kwa salio, utalipa kama 35,400 kwa mwezi, na riba yote itakuwa kama 250,000. Tofauti ni zaidi ya shilingi 180,000. Hiyo ni karo, wapendwa. Na tofauti yote imetoka kwenye swali moja ambalo mtu aliona haya kuuliza kwa sababu muuzaji amevaa tai.

Hatujamaliza. Gari hainywi maji. Tuseme unaenda na kurudi kazini kilomita 40, siku 20 kwa mwezi. Hizo ni kilomita 800. Kwenye jamu, gari ikienda kilomita 10 kwa lita, unahitaji lita 80. Lita ikiwa shilingi 180, ni 14,400. Bima kubwa, ambayo mkopeshaji atataka uwe nayo, tuseme 40,000 kwa mwaka, yaani kama 3,300 kwa mwezi. Weka 5,000 za makanika, oili na magurudumu. Ukijumlisha na 43,000 za mkopo, unafika 65,700 kwa mwezi. Bado hatujalipia maegesho.

Kwa hivyo swali si "Je, naweza kulipa 43,000?" Swali ni "Je, naweza kuishi bila 65,700?" Kama huna uhakika, jaribu. Kwa miezi sita kabla ya kununua, toa kiasi hicho, ukiondoa nauli unayotumia sasa, ukiweke kwenye akaunti usiyoigusa. Ukishindwa mwezi wa tatu, Mungu amekujibu bila kukuaibisha. Ukiweza, una pesa zaidi za kuanzia na mkopo wako utakuwa mdogo.

3. Mshahara hausimami mahali pamoja

Kuna watu walihesabu vizuri kabisa na bado wakaumia. Mtu aliyechukua mkopo wa miaka minne mwaka 2022 alihesabu kwa mshahara wa 2022. Julai 2023 ushuru wa VAT kwa mafuta ulitoka asilimia 8 ukawa 16, na kufikia Septemba lita ya petroli Nairobi ilikuwa imepita shilingi 200. Februari 2024 Benki Kuu ilipandisha kiwango chake cha riba hadi asilimia 13, na wenye mikopo inayofuata soko wakalipa zaidi. Makato ya NSSF yakaanza kupanda kwa awamu. Ikaja ya nyumba, asilimia 1.5. Oktoba 2024 ikaja ya SHIF, asilimia 2.75. Mshahara kwenye barua ya kazi haukupungua hata shilingi. Uliofika kwenye simu ndio uliopungua.

Ndiyo maana nasema, usifunge hesabu kwenye shilingi ya mwisho. Sheria yetu ya Ajira ya 2007 inasema makato yote yasizidi theluthi mbili za mshahara, ili mfanyakazi apeleke nyumbani angalau theluthi moja. Lakini sheria hiyo haioni mikopo ya simu, wala chama, wala deni la dukani. Mwajiri anakulinda na yale anayoyaona. Yale mengine unajilinda mwenyewe.

Na tafadhali, usikope kwa simu ili ulipe mkopo wa gari. Huko ni kuzima moto kwa mafuta taa. Vilevile, nasema kama mtumishi wa madhabahu hii, usikope kwa simu ili upande mbegu. Paulo anasema katika 2 Wakorintho 8:12 kwamba utoaji hukubaliwa kulingana na alicho nacho mtu, si kulingana na asicho nacho.

4. Angalia jina kwenye logibuku

Gari ya mkopo kwa kawaida husajiliwa kwa majina mawili, lako na la mkopeshaji, mpaka umalize kulipa. Wewe una ufunguo, lakini umiliki mnashiriki. Suleimani aliliona jambo hili zamani: anayekopa hujiweka chini ya anayemkopesha (Mithali 22:7). Jua hivyo kabla hujaandika jina la kanisa kwenye kioo cha nyuma.

Ukinunua kwa mtu binafsi, usikimbizwe na maneno "kuna mwingine anakuja saa nane". Fanya utafutaji wa gari kupitia mfumo wa NTSA ili ujue mwenyewe ni nani. Uliza pia kama gari imewekwa dhamana. Tangu sheria ya dhamana za mali inayohamishika ya 2017, kuna daftari la serikali ambapo mkopo wa namna hiyo husajiliwa. Peleka makanika wako, si wa muuzaji. Usitume pesa yote kabla ya kuanza kubadilisha umiliki. Kama muuzaji ni mshirika mwenzako, fanya vivyo hivyo. Undugu wa kanisani si cheti.

5. Mdhamini ni mtu

Hapa ndipo moyo wangu ulipo. Ndugu mmoja amenikubalia niandike habari yake bila jina. Alichukua mkopo wa gari kwenye sacco, na wadhamini wake watatu walikuwa watu wa ushirika wake wa nyumbani. Kazi ikapungua. Alipochelewa miezi miwili, barua zikawafikia wadhamini kwamba akiba zao ziko hatarini.

Kwanza aliacha kuja ushirika wa Jumatano. Kisha akaacha Jumapili. Watu wakasema amerudi nyuma. Nilipomtembelea aliniambia maneno ambayo sijasahau: "Pasta, nikiingia kanisani naona akiba ya watu watatu imeketi kwenye viti."

Hakuacha kumpenda Mungu, alishindwa kumtazama jirani. Wapendwa, ni wangapi tunawaombea warudi, kumbe wanachokimbia si Mungu, ni deni?

Mithali 6 inamwambia aliyejifunga kwa ajili ya mwingine asilale, aende haraka akajinasue. Kabla hujatia sahihi, jiulize: kama hii pesa itachukuliwa yote, je, nitaweza kula meza moja na huyu mtu? Kama jibu ni hapana, mwambie hapana leo, kwa upendo. Hapana ya leo ni nafuu kuliko ukimya wa miaka mitano.

6. Kama tayari uko ndani

Katika 2 Wafalme 4 tunakutana na mjane. Mume wake alikuwa mtu wa jamii ya manabii, mcha Mungu, na alikufa na deni. Mdai amekuja kuchukua wana wawili. Elisha hakumhukumu marehemu. Hakumwambia mama atoroke, wala hakumlaani mdai. Alimuuliza una nini nyumbani. Na mafuta yalipojaa vyombo, agizo lilikuwa na mpangilio: auze, alipe deni, kisha yeye na wanawe waishi kwa kilichobaki. Deni lilitangulia.

Basi fanya hivi. Andika madeni yako yote kwenye karatasi moja, hata lile la muuza maziwa. Mwonyeshe mke wako au mume wako usiku huu huu. Deni la siri lina riba mbili. Nenda kwa mkopeshaji kabla hujakosa kulipa, si baada, na uombe mpango mpya kwa maandishi. Kama gari inakushinda, omba ruhusa uiuze wewe mwenyewe. Kwenye mnada gari huenda kwa bei ya kutupa, na pengo likibaki bado utadaiwa.

Ndugu yule alifanya hivyo. Tuliketi yeye, wadhamini watatu na mimi. Gari iliuzwa, sacco ikalipwa sehemu kubwa, na salio analipa kidogo kidogo. Sasa anapanda matatu. Na Jumatano yuko ushirikani, kiti chake cha zamani.

7. Vigelegele vya pili

Mtu akija mbele na ufunguo wa gari, tunapiga vigelegele, na ni vizuri. Biblia inatuambia tufurahi na wanaofurahi. Lakini nina ombi kwa wazee na viongozi wa ibada: mtu akimaliza deni lake, naye apewe kipaza sauti. Aje na barua ya kumaliza mkopo, aseme, "Bwana amenisaidia, sidaiwi." Hapo vijana wetu watajifunza kwamba kuna ushindi usio na magurudumu.

Maswali ya ushirika wa nyumbani
1. Ni kicheko gani unachokiogopa zaidi, na kimewahi kukufanya ununue nini?
2. Je, mwenzi wako anajua madeni yako yote?
3. Kuna mtu wa ushirika huu ambaye hatumwoni tena? Je, inawezekana anakimbia deni? Nani atamtembelea wiki hii, bila kumdai?

Tuombe
Baba, tupe ujasiri wa kuketi chini na kuhesabu. Wafungue waliofungwa na madeni, uwape kazi na uwape hekima. Warudishe wanaojificha, na utupe sisi moyo wa kuwapokea. Katika jina la Yesu, amina.