Safari ya Vituo: Kupanga Ziara ya Barabara kutoka Dundori hadi Malindi kwa Kufuata Athari za Kireno katika Kiswahili

1.0 Utangulizi

Mwanafunzi wa Kiswahili aliyelelewa Dundori, kwenye miinuko inayotazama Ziwa Nakuru, aghalabu huijua Mombasa kupitia mashairi ya Muyaka bin Haji kabla ya kuiona kwa macho yake. Siku anapopata nafasi ya kwenda, mara nyingi husafiri usiku. Basi huondoka Nakuru jioni, naye huzinduka alfajiri pwani ikiwa imekaribia. Ziara nyingi za wanafunzi hufuata mtindo huohuo: siku moja ya kupigana picha mbele ya Fort Jesus, siku moja ya ufuoni, kisha safari ya kurudi. Ripoti inayoandikwa baadaye hurudia yale ambayo tayari yamo vitabuni.

Makala haya yanajadili namna ya kupanga safari ya aina nyingine, yaani safari ya pole yenye vituo vilivyochaguliwa kwa sababu. Mada inayoziunganisha nyayo za safari hii ni athari ya Wareno katika lugha ya Kiswahili. Hoja kuu ni kwamba mpango wa safari ni sehemu ya utafiti wenyewe. Anayechagua vituo huwa tayari ameuliza swali, na asiye na swali hawezi kujua asimame wapi.

2.0 Mfano kutoka Ureno

Katika nchi ya Ureno kuna barabara ya taifa nambari 2, inayotoka mji wa Chaves kaskazini hadi Faro kusini, mwendo wa zaidi ya kilomita 730. Zipo barabara kuu mpya zinazomfikisha msafiri upesi zaidi. Hata hivyo, wako wanaoichagua hiyo ya zamani kwa makusudi. Hubeba kijitabu mfano wa pasipoti na kupigiwa muhuri katika miji midogo wanayoipitia. Kwa wasafiri hao, muhuri ni ushahidi kwamba mtu alisimama, akashuka na kuzungumza na wenyeji.

Kutoka Dundori hadi Malindi kwa kupitia Nairobi na Mombasa ni zaidi kidogo ya kilomita 750, umbali unaokaribiana sana na huo wa Ureno. Tangu mwaka 2017, treni ya reli mpya imewawezesha abiria kutoka Nairobi kufika Mombasa kwa saa chache. Hiyo ni faida kubwa kwa mwenye haraka, lakini mwanafunzi wa lugha anayevuka nchi asisikie lafudhi ikibadilika njiani hupoteza sehemu ya somo lake.

3.0 Vigezo vya Kuchagua Kituo

Njia hii ina vivutio vingi kuliko siku zilizopo. Kwa hiyo vinahitajika vigezo vya kuchuja. Makala haya yanapendekeza vitatu.

(a) Kituo kieleze neno, jina au tukio linalohusiana na mada.
(b) Kituo kiwe na wenyeji wa kuzungumza nao, si mawe pekee.
(c) Kituo kifikike mchana bila kuwalazimu wasafiri kwenda mwendo wa kasi au usiku.

Kwa kutumia vigezo hivi, Mbuga ya Nakuru inaachwa ijapokuwa inapendeza, kwa kuwa haijibu swali la safari. Kuacha ni sehemu ngumu ya kupanga. Kikundi kinachokataa kuacha chochote huishia kupita kila mahali bila kusimama popote.

4.0 Vituo Vyenyewe

4.1 Dundori: shambani

Kituo cha kwanza ni mahali safari inapoanzia. Mahindi yanayopandwa Dundori asili yake ni bara la Amerika, na wanahistoria wengi huhusisha kuja kwake pwani ya Afrika Mashariki na enzi ya Wareno. Hata hivyo, jina lake katika Kiswahili linaelekeza Uhindi. Linganisha na nanasi na pera, matunda ya Amerika ambayo majina yake hulinganishwa na ya Kireno: ananás na pera. Hapa mwanafunzi hupata funzo la kwanza la isimu historia: njia ya kitu na njia ya jina lake si lazima ziwe moja.

4.2 Naivasha na Mai Mahiu

Kutoka Dundori barabara huteremka hadi Lanet na kuingia barabara kuu kuelekea Gilgil na Naivasha. Majina ya njiani ni darasa tosha. Naivasha limetokana na neno la Kimaasai linaloashiria maji yenye mawimbi, na Mai Mahiu ni Kigikuyu, yaani maji moto. Msafiri anayefuata barabara ya chini hukuta, penye ukingo wa Bonde la Ufa, kanisa dogo lililojengwa mwaka 1942 na wafungwa wa vita Waitaliano waliokuwa wakitengeneza barabara hiyo. Wafungwa walijenga kanisa. Jambo hili linafaa kukumbukwa hadi Mombasa, ambako neno la kanisa lilikuja kuwa jina la mahali pa wafungwa.

4.3 Mtito Andei na Voi

Baada ya kulala Nairobi, siku ya pili ni ya mwendo mrefu, takriban kilomita 330 hadi Voi. Barabara hii ina malori mengi, hivyo inafaa kuondoka asubuhi na kufika kabla ya jua kutua. Mtito Andei, jina la Kikamba linalomaanisha msitu wa tumbusi, ni mahali pa kupumzika na kula. Wanafunzi wagawane kazi: mmoja asikilize salamu, mwingine namna wachuuzi wanavyotaja bei, wa tatu viambishi vya ngeli katika mazungumzo ya kawaida. Kufikia Voi watakuwa na data ya kulinganisha na ile ya Mombasa.

4.4 Rabai

Rabai haikuwa kituo cha Wareno, lakini inakidhi kigezo cha kwanza kwa njia nyingine. Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na mwaka 1846 yeye na Johannes Rebmann walianzisha kituo cha misheni huko Rabai. Kamusi yake ya Kiswahili ilichapishwa mwaka 1882, baada ya kifo chake. Kusimama hapa kabla ya kuingia Mombasa humkumbusha mwanafunzi kwamba etimolojia anazozisoma ziliandikwa na watu, mahali fulani, kwa malengo fulani.

4.5 Mombasa

Mji huu unastahili siku nzima. Asubuhi iwe ya Fort Jesus. Wareno walianza kuijenga ngome hii mwaka 1593, kwa ramani ya Mwitaliano Giovanni Battista Cairati. Ilizingirwa na Waomani tangu mwaka 1696 hadi ilipoanguka Desemba 1698. Wareno waliirudia kwa muda mfupi kati ya 1728 na 1729. Waingereza waliifanya jela kuanzia 1895 hadi 1958, na mwaka 2011 UNESCO iliitambua kuwa urithi wa dunia. Neno gereza huhusishwa na neno la Kireno igreja, yaani kanisa. Ndani ya kuta hizi, ambamo palikuwa na kanisa na baadaye jela, mabadiliko hayo ya maana hueleweka kwa urahisi kuliko katika ubao wa darasa.

Alasiri iwe ya Mji wa Kale na Mtaa wa Biashara, panapouzwa leso. Neno leso linatokana na lenço, kitambaa cha mkononi. Mombasa, leso ni vazi la kujitanda, lenye jina na methali yake. Neno limekopwa, lakini fasihi iliyoandikwa juu ya kitambaa ni ya Waswahili wenyewe. Muuzaji asalimiwe kabla ya kuulizwa, na mama aliyeketi kibarazani asigeuzwe kuwa kielelezo cha utafiti. Adabu ni sehemu ya mbinu.

4.6 Gede na Malindi

Njiani kuelekea Malindi yapo magofu ya Gede, mji wa Waswahili uliohamwa mwanzoni mwa karne ya 17, nayo yalitambuliwa na UNESCO mwaka 2024. Kituo hiki ni kinga dhidi ya dhana kwamba ustaarabu wa pwani ulianza na merikebu za Wareno. Mji huu ulikuwapo karne kadhaa kabla yao.

Malindi ndiyo mwisho wa safari. Vasco da Gama alifika hapa Aprili 1498, akapokewa vizuri na mtawala aliyekuwa na uhasama na Mombasa, na akapewa nahodha wa kumwelekeza Uhindi. Vitabu vingi humtaja nahodha huyo kuwa Ahmad ibn Majid, lakini wanahistoria wengi wanalitilia shaka jambo hilo. Nguzo yenye msalaba na kanisa dogo linalohusishwa na ziara ya Francis Xavier ya mwaka 1542 vingalipo. Mbele ya nguzo hiyo inafaa pia kukumbuka kwamba mwaka 1505 Wareno waliiteketeza Mombasa. Ukarimu wa mji mmoja na majivu ya mwingine ni sehemu za historia moja.

5.0 Data na Fasiri Yake

Mwishoni mwa safari, wanafunzi waorodheshe maneno yenye asili ya Kireno waliyoyasikia au kuyaona: meza, bendera, mvinyo, karata, foronya, parafujo, kasha na mengineyo. Watagundua kwamba takriban yote ni nomino za vitu vya chomboni, nyumbani na mchezoni. Linganisha na maneno ya asili ya Kiarabu kama vile elimu, sheria na fikiri, yanayoingia katika imani, utawala na tafakuri. Karne mbili za ngome ziliacha samani, ilhali mahusiano ya ndoa, dini na biashara yaliacha mawazo. Huu ndio mjadala unaostahili kurejeshwa darasani.

6.0 Pingamizi na Hitimisho

Huenda ikasemwa kwamba siku sita za safari ni ghali kwa wanafunzi. Pingamizi hili ni la kweli. Gharama inaweza kupunguzwa kwa kusafiri kwa matatu na mabasi ya mchana, kulala katika nyumba za bei nafuu, na kurudi kwa siku moja, kwa kuwa marejeo hayahitaji vituo. Kikundi kisichoweza kumudu safari nzima kichague nusu yake: vituo vitatu vilivyoshikwa vyema vina faida kuliko kumi vilivyopitwa mbio.

Mwenda pole hajikwai, wahenga walinena. Kwa mwanafunzi wa Kiswahili, mwenda pole pia husikia. Chama cha wanafunzi kinachopanga ziara ijayo kianze kwa kuandika swali kwenye karatasi, kisha ndipo kitafute gari.