Sukuma za Agosti, Mboga za Januari
Kijitabu cha afya kwa familia za Oakdale, Minnesota

Kijitabu hiki ni cha wanaolima nyuma ya nyumba, kwenye vyungu vya barazani au kwenye bustani za jamii. Kulima mboga Oakdale si jambo la kuogopesha. Panapohitaji uangalifu ni jikoni, mwezi wa nane, sukuma wiki zinapowashinda kula na mtu akasema, "Si tuzitie kwenye chupa?"

Maji na udongo

Swali la kwanza huwa ni maji, na ni swali la haki. Taka za kampuni ya 3M zilitupwa Oakdale, hasa miaka ya 1950, na miaka mingi baadaye kemikali za PFAS zikagunduliwa kwenye visima vya mji. Tangu 2006 maji ya baadhi ya visima vilivyoathirika huchujwa kwa mkaa maalumu. Mwaka 2010 Idara ya Afya ya Minnesota ilipima mboga za bustani za nyumbani katika eneo hili. Kemikali zilikutwamo, lakini kwa kiasi kidogo ambacho hakikuwa sababu ya kuacha kula mboga hizo. Jueni tu kwamba kuchemsha maji, kama tulivyozoea nyumbani, hakuondoi PFAS: maji hupungua, kemikali inabaki. Mwenye kisima chake binafsi aiulize Idara hiyo kuhusu kupimiwa.

Kama nyumba ilijengwa kabla ya 1978, huenda rangi yake ya zamani ilikuwa na madini ya risasi, na vumbi lake likawa limeingia kwenye udongo ulio karibu na kuta. Maabara ya udongo ya Chuo Kikuu cha Minnesota hupima, ila ombeni kipimo cha risasi kwa jina, maana hakimo kwenye kipimo cha kawaida. Watoto wanaotia mikono mdomoni ndio wa kufikiria kwanza. Na kabla ya kutia jembe ardhini, pigeni 811, waje wawaonyeshe nyaya na mabomba ya gesi yalipopita. Huduma hiyo ni bure.

Mwenye kadi ya EBT ya msaada wa chakula wa SNAP anaweza kuitumia kununua mbegu na miche ya mboga. Sheria imeruhusu hivyo tangu 1973, na bado watu wengi hawajui.

Mchicha, kunde, bamia na nyanya zisubiri kupandwa hadi nusu ya pili ya Mei, baridi ya usiku ikishapungua. Sukuma haina wasiwasi; huvumilia mapema na huvumilia mwisho.

Chupa

Hapa tutakaa kidogo.

Kwenye udongo wa kila bustani kuna bakteria anayeitwa Klostridiamu botulinamu. Akiwa kwenye jani hana neno. Mfungieni ndani ya chupa isiyo na hewa wala ukali wa ndimu au siki, mwekeni kabatini kwenye joto la nyumba, naye hutengeneza sumu inayolegeza misuli hadi ile ya kupumulia. Chakula chenye sumu hiyo kinaweza kuwa na rangi nzuri na harufu nzuri. Maji yanayochemka hayafiki joto la kuua mbegu zake; panahitajika kama nyuzi 116 za Selsiasi au zaidi, na joto hilo hupatikana kwa presha tu.

Kwa hiyo sukuma, mchicha, maharage mabichi, bamia na mchuzi wa nyama havihifadhiwi kwa kuchemsha chupa, hata mkichemsha kutwa. Vinataka sufuria kubwa ya presha iliyotengenezwa kwa kazi ya kusindika. Ile ya kupikia maharage au makongoro haitoshi. Ushauri wetu ni mfupi: kama hamna sufuria hiyo, msitie mboga za majani kwenye chupa. Friza ipo.

Nyanya tupu zinawezekana, lakini ziongezwe ukali. Zipondeni, zichemsheni, kisha kila chupa ya painti itiwe kijiko kikubwa 1 cha maji ya limau ya dukani, ya kwati vijiko 2. Limau la kukamua wenyewe halitumiki, kwa sababu ukali wake hubadilika. Acheni nafasi ya nusu inchi juu, fungeni, chemsheni zikiwa zimezama: dakika 40 kwa painti, 50 kwa kwati. Oakdale iko kama futi 1,000 juu ya bahari, ndiyo maana tumechukua muda wa nyanda za juu. Lile rojo letu la nyanya, vitunguu, thomu na hoho ni jambo jingine. Vitunguu na hoho hupunguza ukali, basi liende friza. Pilipili au thomu iliyolowekwa kwenye mafuta ikae kwenye friji, na zikipita siku 4 itupwe.

Friza

Sukuma zioshwe, zikatwe, zitoswe kwenye maji yanayotokota dakika 3. Mchicha na kunde dakika 2. Bamia changa nzima dakika 3. Kisha mara moja kwenye maji ya barafu kwa muda uleule, zichujwe, za majani zikamuliwe, zote zifungwe kwenye mifuko ya mlo mmoja mmoja. Mkiruka hatua ya kutosa, mboga itabadilika rangi na ladha humohumo kwenye friza. Mifuko iandikwe tarehe, na kazi hiyo wapeni watoto. Kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri, mboga hubaki nzuri miezi 8 hadi 12. Kwa wanaofanya zamu za usiku, kazi hii ingoje siku ya mapumziko. Maji ya moto na usingizi havipatani.

Kuanika mboga juani, kama wanavyofanya Dodoma, hapa hakufai: hewa ina unyevu mwingi, na mboga huota ukungu kabla hazijakauka. Tumieni kikaushio cha umeme, nyuzi 60.

Dalili za hatari

Aliyekula chakula cha chupa kisha akaona vitu viwiliviwili, kope zikamlegea, ulimi ukawa mzito au akashindwa kumeza, pigeni 911 papo hapo. Mara nyingi dalili huanza kati ya saa 12 na 36 baada ya kula, ingawa zinaweza kuchelewa siku kadhaa. Chupa iliyovimba au inayovuja msiionje.

Baridi ikirudi

Mwishoni mwa Septemba au mwanzoni mwa Oktoba umande huganda. Sukuma zikipigwa na baridi hiyo huwa tamu zaidi, basi ziacheni nje. Nyanya mbichi zichumeni kabla, ziive ndani. Zilizobaki kwenye mashina yaliyokufa kwa baridi zisitiwe kwenye chupa, kwa sababu ukali wake umeshapungua. Pikeni leo au zigandisheni.