Mlango Ufunguke kwa Nje: Maswali ya Wazazi wa Meru na Embu Kuhusu Usalama Shuleni

Muhula ukifunguliwa, stendi za Meru, Embu na Runyenjes hujaa masanduku ya bati, magodoro yaliyokunjwa na wazazi wanaohesabu karo. Orodha ya mahitaji ni ndefu: ndoo, sabuni, shuka mbili. Swali moja huwa halimo: fujo au moto ukizuka usiku, mwanangu atatokea wapi?

Kwa nini St. Kizito bado inatajwa?

Usiku wa tarehe 13 Julai 1991, katika shule ya mseto ya St. Kizito huko Tigania, wavulana waliogoma waliwavamia wasichana waliokataa kujiunga nao. Wasichana walikimbilia bweni moja wakajifungia. Mlango ulipovunjwa, 19 walikufa, wengi kwa kukosa hewa na kukanyagana, na 71 walibakwa. Baadaye ilijulikana kwamba wasichana kudhulumiwa kingono shuleni humo halikuwa jambo geni. Msiba ule ulitanguliwa na uovu uliokuwa umezoeleka.

Dalili za mapema ni zipi?

Vikaratasi vya vitisho, chakula kususiwa, wanafunzi wengi kuomba ruhusa ya kwenda nyumbani kwa pamoja, vitu kuhamishwa bwenini kimyakimya, harufu ya petroli. Muhula wa pili, wenye mitihani ya majaribio, huhitaji macho zaidi: mwaka 2016 zaidi ya shule 100 nchini zilikumbwa na moto, nyingi katika muhula huo. Mwanao akikupigia simu na kusema anaogopa kulala, usimwambie avumilie. Mpigie mwalimu mkuu saa hiyo hiyo.

Bweni salama likoje?

Mwongozo wa usalama shuleni uliotolewa na Wizara ya Elimu mwaka 2008 unaeleza wazi. Mlango uwe na upana wa futi tano na ufunguke kwa nje. Kila mwisho wa bweni uwe na mlango, na katikati pawe na mlango wa dharura. Madirisha yasiwe na vyuma. Kati ya kitanda na kitanda iwepo mita 1.2, na ujia uwe na upana wa mita mbili.

Jaribio lake ni rahisi. Waambie wanafunzi wawili wabebe masanduku yao wapite ujiani sambamba. Wakigongana mchana, usiku wenye moshi watakwama. Katika shule ya Kyanguli, Machakos, mwaka 2001, wavulana 67 waliteketea bwenini. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa na madirisha yalikuwa na vyuma. Septemba 2024, watoto 21 walikufa kutokana na moto wa bweni katika shule ya Hillside Endarasha, Nyeri.

Mazoezi ya dharura yana faida gani?

Mtu aliyeshtuka usingizini hukimbilia njia aliyoizoea. Kwa hiyo izoesheni miguu njia iliyo salama, angalau mara moja kila muhula, na zoezi moja lifanywe gizani. Mlio wa hatari uwe tofauti na kengele ya masomo. Mahali pa kukusanyika pajulikane na kila mmoja, hata mpishi na mlinzi. Rejista ikae nje ya bweni, maana bila majina hakuna ajuaye nani amebaki ndani. Mwalimu wa zamu ajue ufunguo wa lango uko wapi kabla hajauhitaji.

Mtoto akibakwa au kunajisiwa, nianzie wapi?

Hospitali, kisha polisi. Asioge. Nguo alizovaa zitiwe katika mfuko wa karatasi, kwa kuwa plastiki huharibu ushahidi. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zianze ndani ya saa 72, na kila saa ina uzito wake. Za kuzuia mimba hutolewa ndani ya saa 120. Mwambie daktari ajaze fomu ya huduma baada ya ubakaji. Polisi watakupa fomu ya P3. Simu za bure ni 116 kwa watoto, 1195 kwa dhuluma za kijinsia na 999 kwa polisi. Mwalimu anayejua au kushuku dhuluma anapaswa kuripoti ndani ya saa 24. Akinyamaza anaweza kuchukuliwa hatua za nidhamu.

Je, wazee hawawezi kulimaliza jambo hilo nyumbani?

La. Hilo ni kosa la jinai, na mbuzi wa fidia hafuti jinai. Polisi nao hawana ruhusa ya kulikalia faili. Tarehe 27 Mei 2013, Mahakama Kuu ya Meru iliamua kwamba polisi walikiuka haki za wasichana walionajisiwa kwa kukosa kuchunguza malalamiko yao ipasavyo. Kesi hiyo ilifunguliwa na watoto wa eneo hili hili, wakisimamiwa na shirika la Ripples International la Meru.

Baada ya vurugu, shule irudi vipi?

Polepole, na kwa ukweli. Wanafunzi waambiwe kilichotokea kwa maneno yanayolingana na umri wao. Pengo la habari huzibwa na uvumi. Ratiba ya kawaida irejeshwe mapema, kwani kengele ya asubuhi humtuliza mtoto. Asilazimishwe kusimulia, ila awepo wa kumsikiliza. Anayekojoa kitandani, anayeshtuka mlango ukibamizwa, au aliyeacha kucheza kwa wiki kadhaa apelekwe kwa mshauri nasaha au hospitali. Walimu pia waulizwe hali, nao walikuwepo.

Mimi mzazi nifanye nini?

Siku ya mkutano wa wazazi, kabla ya kuuliza alama, iulize bodi mambo matatu: milango ya bweni inafunguka upande gani, zoezi la mwisho lilifanywa lini, na mtoto akitaka kushtaki jambo usiku amwendee nani. Kisha mwulize mwanao maswali hayo hayo. Majibu yasipofanana, usitoke mkutanoni kabla hayajafanana.