Dondoo muhimu: Kupanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu

Hii ndiyo njia pekee ya Kilimanjaro yenye vibanda vya kulala: Mandara (takriban mita 2,700), Horombo (3,700) na Kibo (4,700). Vitanda na magodoro vipo, lakini mfuko wa kulalia wa baridi kali ni lazima.

Ongeza siku ya pili Horombo. Wengi huikwepa ili kupunguza gharama, nami nasema ndiyo pesa ya mwisho kubana. Siku hiyo panda taratibu hadi Zebra Rocks, miamba yenye michirizi myeupe na myeusi, kisha rudi ulale chini. Mwili huzoea hewa nyepesi namna hiyo.

Kutoka Horombo jaza chupa zote. Ukishapita chanzo cha mwisho cha maji, unaingia uwanda mkavu kati ya vilele vya Mawenzi na Kibo: changarawe, upepo, hakuna kivuli. Kwenye kibanda cha Kibo hakuna chemchemi. Maji hubebwa na wagumu (wapagazi). Usiyamwage ovyo.

Chupa za plastiki za kutupa haziruhusiwi hifadhini.

Kichwa kikiuma, mwambie kiongozi mapema. Ukianza kuyumba kama mlevi, kutapika mfululizo au kuhema ukiwa umekaa, shuka mara moja, hata kama ni usiku. Kilele hakihami.

Epuka masika, Machi hadi Mei. Na mzigo wa mgumu usizidi kilo 20: simamia mwenyewe upimaji kwenye mizani getini.