MTOTO MAHUTUTI: TIBA IENDELEE AU IACHWE?

Ndugu wasomaji, mwezi huu tujifunze jambo zito.

Mtoto akizidiwa sana huku kwetu Bariadi, Maswa au Meatu, anaweza kupewa rufaa hadi Bugando, Mwanza. Huko, katika chumba cha wagonjwa mahututi, mashine humsaidia kupumua. Mashine haiponyi ugonjwa. Inampa mtoto muda ili dawa zifanye kazi. Ugonjwa ukitibika, muda huo unaokoa maisha. Usipotibika tena, mashine inarefusha kufa tu. Hapo ndipo daktari huwaita wazazi.

Je, kukubali mashine iondolewe ni kuua?
Tarehe 24 Novemba 1957 Baba Mtakatifu Pio XII aliwafundisha madaktari kwamba hatulazimiki kutumia njia zisizo za kawaida, kama mashine ya kupumulia, pasipo na tumaini. Katekisimu, namba 2278, inafundisha vilevile kuhusu tiba zenye mzigo mkubwa kupita faida yake. Anayeiacha tiba hiyo hatafuti kifo. Anakubali kwamba hawezi kukizuia. Lakini kumpa mtoto dawa ili afe ni mauaji, hata kama ni kwa huruma.

Tujihadhari na mambo mawili
Kwanza, tusikate tamaa mapema. Mtoto mwenye malaria kali anaweza kupoteza fahamu, kisha akatibiwa na kupona. Pili, ulemavu si sababu ya kumnyima mtoto tiba. Tunapima faida ya tiba, hatupimi thamani ya mtoto.

Wazazi wamwulize daktari:
1. Je, ugonjwa huu bado unatibika?
2. Tiba hii inamsaidia nini, na inamtesa kiasi gani?
3. Je, madaktari wengine wanakubaliana nawe?
4. Tukiiacha, mtoto atatunzwaje?

Baba na mama waamue pamoja. Si haki mama akeshe wodini peke yake huku wazee wakiamua nyumbani. Wala familia isidhani kwamba kuuza ng'ombe wa mwisho kwa tiba isiyosaidia ndicho kipimo cha upendo.

Matunzo hayaachwi
Mtoto aendelee kupewa dawa ya maumivu, usafi, na chakula na maji kadiri mwili wake unavyoweza kupokea. Mama aruhusiwe kumshika. Kama hajabatizwa, abatizwe bila kuchelewa. Padre asipopatikana, mtu yeyote mwenye nia ya Kanisa aweza kumbatiza. Aliyefikia umri wa kutumia akili apewe Mpako wa Wagonjwa.

Baada ya mazishi, asiwepo wa kuwaambia wazazi, "Mlikubali wenyewe." Neno hilo huumiza miaka mingi.

Swali kwa Jumuiya: Familia ikiwa na mtoto mahututi Mwanza, sisi tuliobaki tutawasaidiaje kwa nauli, shamba na watoto walioachwa nyumbani?