Tafakuri ya Ramadhani, Siku ya 12: Ndoo chini ya bomba



Ndugu zangu katika imani, juzi kabla ya Alasiri niliweka ndoo ya lita 10 chini ya bomba la bafuni, nikatawadha kama kawaida yangu. Nilipomaliza miguu nikachungulia: maji yamepita nusu ya ndoo! Na mimi siku zote najihesabu mtu asiyechezea maji.

Sasa tumtazame Mtume wetu (s.a.w.). Anas bin Malik (r.a.) amesimulia, katika Bukhari na Muslim, kuwa Mtume alitawadha kwa mudi moja na kuoga kwa pishi moja hadi mudi tano. Mudi ni ujazo wa viganja viwili vilivyokusanywa, kama robo tatu ya lita hivi. Pishi ni mudi nne, ile ile tunayopimia Zakaatul-Fitri.

Mtu mmoja alimwambia Jabir bin Abdillah (r.a.) kuwa pishi haimtoshi kuoga. Jabir akamjibu kwamba ilimtosha aliyekuwa na nywele nyingi kumshinda yeye, tena mbora kuliko yeye.

Utasema, "Bili si nalipa mwenyewe?" Sawa, lakini nyumba zetu nyingi za kupanga zina tangi moja. Unaoga janaba saa tisa usiku, bomba umeliachia huku unajisugua. Mama wa chumba cha mwisho anaamka kupika daku, anafungua bomba, linakohoa hewa tu. Uliyomwaga hapo ni haki ya jirani, na udhu wako hauifuti.

Ajabu yetu wafungaji: ikifika saa kumi na moja jioni tunaijua thamani ya glasi moja ya maji. Bafuni tunamwaga glasi ishirini bila kuona.

*Zoezi la leo:*
1. Tawadha kwa kopo au birika. Ukitumia bomba, lifungue kidogo, na ulifunge unapopaka kichwa au kupiga mswaki.
2. Usizidishe mara tatu kwa kiungo. Wasiwasi haumalizwi na maji.
3. Usibane mpaka kisigino kibaki kikavu. Udhu lazima utimie.
4. Choo au bomba linavuja? Mwite fundi wiki hii, usingoje Idi.

Ee Allah, tujaalie tuwe wenye kushukuru neema ya maji kabla hayajakatika. Aamin.

Mtumie na mwenzako, hasa mnayechangia naye tangi.