Dhahabu Iliyobaki katika Marudio

Kila mwaka vijana wengi wa Shinyanga, Kahama na Geita hutoka darasani kwenda kujifunza kazi kwa mikono yao. Wengine hupelekwa na vyuo vya ufundi kufanya mazoezi katika karakana na migodi. Wengine hujifunza kwa mafundi wa mtaani. Wale wa vyuo hupewa daftari la kuandika kila siku kazi waliyoifanya. Yasikitisha kuona jinsi daftari hilo linavyodharauliwa. Wengi hulijaza kwa pupa siku ya mwisho, au hunakili la mwenzao, wakidhani ni karatasi ya kumridhisha mkaguzi. Twapenda leo kuwaonyesha vijana na wazazi wao kwamba wanachokitupa ni sehemu bora ya masomo.

Machimbo yenyewe yanatupa mfano. Mchimbaji mdogo husaga mawe, huyaosha, hunasa dhahabu kwa zebaki, na mchanga unaobaki huitwa marudio. Kwa njia hiyo dhahabu nyingi hubaki mchangani bila kuonekana. Ndiyo maana wako watu wanunuao marudio, wakayachenjua upya kwa sayanaidi, wakapata mali pale ambapo mwenye mawe aliona takataka. Kazi ya mwanafunzi ni vivyo hivyo. Kuitenda mara moja humpa sehemu tu ya maarifa yake. Sehemu iliyobaki huipata akiirudia kwa fikira na kujiuliza: Nimefanya nini leo? Kwa nini imetokea hivi? Kesho nitabadili nini?

Kijana asiyejiuliza hivyo huiga mabaya ya mwalimu wake pamoja na mazuri. Akimwona fundi akichoma zebaki mahali pa wazi, naye atachoma, ingawa mvuke wake huingia mapafuni na kudhuru ubongo na mishipa ya fahamu. Akimwona akipunguza matimba yanayozuia kuta za duara zisiporomoke, naye atapunguza. Mtu aweza kufanya hayo miaka 20 akaitwa mzoefu, kumbe amerudia kosa lile lile tu. Na kosa la machimboni huweza kudai roho ya mtu.

Hata wataalamu hawana budi kujihoji. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulianza mwaka 1986 katika nchi iliyokwisha kupoteza miti yake mingi. Mwanzoni ulitia mkazo kwenye vitalu na miche ya miti ya kigeni. Baadaye wahusika walitazama matokeo, wakawasikiliza wakulima na wafugaji, wakaigeukia ngitili, yaani desturi ya Wasukuma ya kufunga eneo la malisho wakati wa mvua ili majani yakue, na kulifungua wakati wa kiangazi. Ilipofika mwaka 2004, ilikadiriwa kwamba ngitili zilizorudishwa zimezidi hekta 300,000. Wasomi wale hawakupungukiwa heshima kwa kukubali kusahihisha njia yao.

Kwetu sisi Wakristo jambo hili si geni. Mtakatifu Inyasi wa Loyola alijeruhiwa vitani huko Pamplona mwaka 1521, na kitandani akajifunza kupambanua mawazo yaliyomwachia amani na yale yaliyomwachia ukavu. Baadaye alifundisha watu kujihoji dhamiri kila siku. Basi, aliyezoea kuuhoji moyo wake jioni mbele ya Mungu hatashindwa kuihoji kazi ya mikono yake, kwa kuwa kazi nayo twamtolea Mungu.

Enyi wazazi, mtoto arudipo jioni msimwulize tu amepewa nini au amesifiwa na nani. Mwulizeni pia: Leo ni kitu gani kilikushinda, na umeelewa nini? Akijibu kweli, msimcheke wala msimkaripie, maana mtoto aliyetishwa hujifunza kuficha. Nanyi walimu na mafundi, yasomeni madaftari yao kabla ya kuyatia sahihi.

Nanyi vijana, andikeni mistari mitatu kila jioni kabla ya sala ya usiku: mlichofanya, sababu ya matokeo yake, na mtakachobadili. Anayeandika hivyo kwa uaminifu atakuwa fundi ambaye wenzake wanaweza kushuka naye shimoni bila hofu.